Kufuatilia ukoo wa wakulima wa Denmaki kwa kuanzia na wazee walio hai

Nyaraka za Denmaki zimepangwa kwa mahali, si kwa majina ya watu. Lishike hilo kabla hujampigia simu mzee yeyote. Ukifungua rejista za kanisa ukiwa na jina la Jens Pedersen wa 1848 peke yake, huna kitu. Akina Jens Pedersen wamejaa nchi nzima. Ukiwa na jina hilohilo pamoja na usharika aliobatiziwa, huenda ukampata ndani ya nusu saa. Basi mazungumzo na wazee yana shabaha moja inayotangulia nyingine zote: jina la usharika na, ikiwezekana, jina la shamba. Bahati nzuri ndicho kitu wanachokikumbuka kuliko chochote. Miaka watakosea, majina ya baba watayachanganya, lakini nani alikaa shamba gani, mtoni au mlimani, na nani alilichukua baada yake, hilo wanalo.

Mwongozo huu unamfaa mwenye damu au wakwe wa Kidenmaki, mwenye angalau mzee mmoja hai ambaye wazazi au babu zake walilima Jylland, Fyn, Sjælland au visiwa vya kusini.

Kabla ya kwenda

Andika kwanza unachokijua, karatasi moja kwa kila mume na mke, ukiacha nafasi wazi kwa usiyoyajua. Kisha mpigie mzee simu siku chache kabla umwombe atoe vitu kabatini. Usimwambie "picha na karatasi za zamani", maana atakutolea albamu ya arusi yake mwenyewe basi. Taja vitu kimoja kimoja.

Cha kwanza ni *skudsmålsbog*, kijitabu cha mtumishi. Tangu 1832 hadi 1921 kijana aliyefanya kazi za ndani au za shamba kwa mtu mwingine alilazimika kuwa nacho. Kila mwajiri aliandika humo siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mtumishi akihamia usharika mwingine mchungaji naye aliandika. Watoto wa wakulima, hata wa wenye mashamba yao, walitumika kwa majirani tangu kupata kipaimara hadi kuoa, kwa hiyo kijitabu kimoja chaweza kukupa sharika tano au sita kwa mfululizo. Hakuna mzee atakayekupa hayo kichwani.

Cha pili ni nyimbo za sherehe, *festsange*. Wadenmaki wana desturi ya kumtungia mtu wimbo kwenye arusi ya fedha (miaka 25), ya dhahabu (50), na kwenye siku za kuzaliwa zenye sifuri mwishoni. Wimbo huchapwa, kila mgeni hupewa nakala, halafu nakala hulala kwenye droo miaka yote. Beti zake husimulia bwana alimkuta bibi wapi, walianza na ng'ombe wangapi, nyumba ya kwanza ilikuwa wapi. Wenyewe huona ni karatasi za kuchekesha tu, hawatakutolea usipozitaja kwa jina. Angalizo: mtunzi alikuwa anatafuta vina, kwa hiyo mwaka ulio mwishoni mwa mstari usiuamini kabla ya kuuhakiki.

Omba pia kitabu cha nyimbo za kanisa (*salmebog*), ambacho mara nyingi kina jina la mwenyewe na mwaka wa kipaimara kwenye jalada. Vyeti vya ubatizo. Na barua kutoka Amerika, pamoja na bahasha zake, kwa sababu anwani iko kwenye bahasha. Kama kuna sanduku la mbao lililochorwa herufi na mwaka, lipige picha. Herufi ya mwisho ndiyo ufunguo: S ni *søn*, mwana wa kiume, na D ni *datter*, binti. Sanduku lenye MKJD 1836 laweza kuwa la Maren Kirstine Jensdatter. Kumbuka kwamba masanduku mengi yaliingia shambani na bibi arusi, kwa hiyo linakuelekeza kwa ukoo wa upande wa mke, tena pengine usharika mwingine kabisa.

Nenda na simu yenye nafasi ya kurekodi saa mbili, chaja ya akiba, karatasi kubwa, penseli, na ramani ya zamani ya eneo hilo. Ramani zinazofaa ni zile ziitwazo *høje målebordsblade*, zilizopimwa kati ya 1842 na 1899, na *lave målebordsblade* za 1901 hadi 1971. Zote zinaonekana bure mtandaoni, na zimeandikwa majina ya mashamba. Chapisha kipande kinachozunguka usharika unaoudhania, herufi ziwe kubwa za kusomeka bila miwani.

Mazungumzo yenyewe

Asubuhi, saa nne, wakati wa kahawa. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Baada ya hapo mzee huanza kukubali kila unachopendekeza, na majibu ya aina hiyo ni hasara tupu. Panga kurudi baada ya wiki moja au mbili. Ziara ya pili huzaa zaidi, kwa sababu katikati mzee ameendelea kukumbuka na huenda amempigia simu dada yake.

Kama kuna ndugu wawili, zungumza na kila mmoja peke yake kwanza, kisha wakutanishe. Ukianza nao pamoja, mwenye sauti kubwa atammeza mwenzake na utaondoka na simulizi moja ukidhani ni mbili zinazokubaliana.

Kwa undugu, tumia maneno ya Kidenmaki yanayobagua pande. Mzungumzaji wa Kiswahili hapa hapati shida: *faster* ni shangazi, *morbror* ni mjomba, *farbror* ni baba mkubwa au mdogo, *moster* ni mama mkubwa au mdogo. Babu na bibi nao wana pande: *farfar* na *farmor* kwa baba, *morfar* na *mormor* kwa mama. Neno *onkel* au *tante* likitajwa usiliandike hivyohivyo. Uliza ni wa upande gani, na kama ni wa damu, wa ndoa, au ni jirani tu aliyeheshimiwa. *Bedstefar* pia halisemi upande.

Anza na mahali, fuata vitu, kisha watu, na miaka mwisho. Maswali haya yafaa kuulizwa kwa Kidenmaki kama yalivyo:

*Hvor lå gården?* Shamba lilikuwa wapi?
*Hvem havde gården før din far?* Kabla ya baba yako lilikuwa la nani?
*Hvor kom din mor fra?* Mama yako alitoka wapi?
*Hvem er du opkaldt efter?* Umepewa jina la nani?
*Hvor ligger de begravet?* Wamezikwa wapi?

Swali la nne lina thamani kuliko linavyoonekana. Desturi ya wakulima ilikuwa kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao: mara nyingi mwana wa kwanza alibeba jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Mjane akiolewa tena, mtoto wa kwanza wa kiume katika ndoa mpya mara nyingi alipewa jina la marehemu mume. Kwa hiyo ukisikia jina lisilo na mwenyewe kati ya babu wanne, shuku ndoa ya kwanza ambayo hukuambiwa. Ni dalili tu, si ushahidi, ila ni dalili nzuri.

Swali la tano lisikutie tamaa ya kwenda makaburini ukitarajia mawe ya babu wa babu. Kaburi Denmaki hukodishwa kwa muda, kwa kawaida miaka 20 au zaidi kwa jeneza na miaka pungufu ya hapo kwa majivu. Familia isipolipia tena, jiwe huondolewa na nafasi hupewa mwingine. Mahali pa kuzikwa kunakusaidia kwa sababu ndiko iliko rejista ya vifo.

Miaka usiiulize kwa namba. Ifunge kwenye matukio: kabla au baada ya Wajerumani kuingia tarehe 9 Aprili 1940? Ulikuwa umeshapata kipaimara? Kipaimara kilipatikana kwenye umri wa miaka 14 hivi, na kwa wengi ndio mwaka waliotoka nyumbani kwenda kutumika, kwa hiyo kimekaa kichwani kama kigingi.

Sasa ile picha ya ukutani. Kuanzia miaka ya 1930 ndege zilipita zikipiga picha shamba baada ya shamba, halafu wachuuzi wakaenda mlango kwa mlango kuwauzia wenyewe. Nyumba nyingi za wazee wa mashambani bado zina moja, imetiwa rangi kwa mkono, imetundikwa sebuleni au kwenye korido. Kama haipo, tafuta kwenye mkusanyo wa Maktaba ya Kifalme uitwao Danmark set fra luften, unaotazamwa bure mtandaoni. Ishushe, iweke mezani, mwombe mzee akutembeze kwa kidole kuanzia geti. Nyumba ya kuishi ni ipi, zizi liko wapi, ghala la nafaka ni lipi, wasichana wa kazi walilala wapi, farasi walikuwa wangapi. Kisha uliza: wazee wa wakati huo walikaa upande gani? Hapo ndipo panapotokea neno *aftægt*. Mkulima alipomkabidhi shamba mwanawe au mkwewe, walitiliana mkataba: wazee watabaki na vyumba kadhaa au nyumba ndogo, watapewa mapipa kadhaa ya rai (nafaka ya mkate mweusi) na shayiri kwa mwaka, maziwa kila siku, mboji iliyokaushwa ya kinamasini ya kuwashia moto, gari la farasi la kwenda kanisani, na mazishi ya heshima. Mkataba wa namna hii ulisajiliwa mahakamani katika *skøde- og panteprotokol*, kitabu cha hati za ardhi na rehani, na unataja pande zote mbili kwa majina. Mzee akisema "bibi alikaa kwenye aftægt hadi kufa", umeshapewa waraka wa kutafuta.

Yako mambo yatakayonyamaziwa: mtoto wa nje ya ndoa, mtu aliyejiua, shamba lililopigwa mnada miaka ya 1930, ndugu aliyeegemea upande wa Wajerumani wakati wa vita. Usimbane mzee. Mengi ya hayo yamo kwenye karatasi, na kumbana kutakufungia milango ambayo karatasi haziwezi kuifungua, kama vile ni nani aliyemlea yule mtoto.

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala

Andika upya ulichosikia, kila kauli mstari wake, na pembeni weka alama: A kwa aliloliona mwenyewe, B kwa aliloambiwa (na nani?), C kwa anachodhania. "Babu alikuwa na farasi wanne" ni A. "Baba yake babu alitoka kisiwa cha Mors" ni B. "Nadhani walikuwa na damu ya kigeni" ni C. Baada ya mwezi hutakumbuka ipi ni ipi, na hapo ndipo uvumi hugeuka historia. Majina ya mahali yaandike kama yalivyotamkwa, kisha kama yalivyo kwenye ramani; wenyeji wa Jylland wana matamshi yao yasiyofanana na maandishi. Kumbuka pia kwamba mabadiliko ya tahajia ya 1948 yaligeuza aa kuwa å, kwa hiyo gård ya leo ni gaard kwenye karatasi za zamani.

Kutoka kwenye kauli hadi usharika

Nyaraka zimepangwa kwa ngazi tatu: *amt*, sawa na mkoa, *herred*, sawa na tarafa, na *sogn*, usharika. Mipaka inayotumika ni ile ya kabla ya mageuzi ya 1970, kwa hiyo manispaa za leo zisahau. Jina la usharika peke yake halitoshi. Vejlby, kwa mfano, ipo karibu na Aarhus, ipo Djursland, na ipo Fyn. Andika ngazi zote tatu daima.

Hapa pia ndipo pa kupima ukubwa wa shamba, kwa sababu ukoo wowote husimulia shamba lililokuwa kubwa. Eneo lilipimwa kwa *tønde land*, takriban hekta 0.55. Thamani ya ardhi ilipimwa kwa *tønde hartkorn*, ambayo haifuati eneo: ekari za mchanga za Jylland magharibi zina hartkorn ndogo kuliko eneo hilohilo la udongo mzito wa kisiwa cha Lolland. Kwa kawaida chini ya hartkorn 1 ni nyumba ya mkulima mdogo, *hus*. Kati ya 1 na 12 ni shamba la mkulima, *gård*. Zaidi ya hapo ni shamba la tajiri. Katika karatasi mwenye gård ni *gårdmand*, mwenye hus ni *husmand*, na asiye na chake, aliyepanga chumba kwa mwingine, ni *indsidder*. Ukoo uleule hushuka na kupanda ngazi hizi ndani ya vizazi viwili, maana shamba lilikwenda kwa mtoto mmoja tu na wengine wakajitafutia.

Kwenye rejista

Rigsarkivet, yaani Nyaraka za Taifa, imeweka rejista na sensa kwenye tovuti yake ya Arkivalier Online, bila malipo. Tovuti ya Danish Family Search inasaidia kutafuta kwa jina katika zile zilizokwisha kunakiliwa, ila nakala zina makosa, kwa hiyo mwisho wa yote fungua picha ya ukurasa wenyewe.

Anza na mtu wa karibu kabisa unayemjua kwa uhakika, si babu wa mbali unayemtamani. Fuata mzunguko huu kwa kila kizazi: ubatizo unakupa majina ya wazazi, sensa inakupa kaya nzima na umri wa kila mmoja, ndoa inakupa wadhamini wawili, ambao mara nyingi ni baba au kaka, kisha ubatizo wa wazazi, na kurudi mwanzo. Usiruke kipaimara. Kuanzia 1814 ukurasa wake una tarehe ya kuzaliwa, wazazi, na siku ya kuchanjwa ndui, kwa hiyo ukikwama kwenye ubatizo, kipaimara hukutoa.

Mwaka 1814 ndio mpaka. Tangu hapo rejista zina safu zilizochapwa, wavulana na wasichana mbali, na nakala mbili zilizotakiwa zisilale chini ya paa moja ili moto usiziteketeze zote. Kama ukurasa umefutika katika *hovedministerialbog* (nakala kuu), tafuta uleule katika *kontraministerialbog* (nakala ya pili). Kabla ya 1814 mchungaji aliandika apendavyo. Mara nyingi ubatizo unamtaja baba na mwanamke aliyembeba mtoto tu, mama hayupo. Tarehe nazo ni za kalenda ya kanisa, kwa mfano Dom. 3 p. Trin., Jumapili ya tatu baada ya Utatu, ambayo utaigeuza kuwa tarehe ya kawaida kwa jedwali la Pasaka la mwaka husika. Na ukifika 1700 usishangae: Denmaki ilibadili kalenda, baada ya tarehe 18 Februari ikafuata 1 Machi.

Sensa zinazotumika zaidi ni za 1787, 1801, 1834, 1840, 1845, 1850, 1855, 1860, 1870, 1880, 1890, 1901, 1906, 1911, 1916, 1921, 1925, 1930 na 1940. Ile ya 1845 ni dhahabu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuuliza usharika wa kuzaliwa. Ile ya 1901 ina tarehe kamili ya kuzaliwa. Za 1787 na 1801 hazina mahali pa kuzaliwa, lakini zinasema kama mtu yuko katika ndoa ya kwanza au ya pili, na hapo watoto wa kambo hujitokeza. Tofauti ya mwaka mmoja katika umri ni ya kawaida, kwa sababu mara nyingi mwaka unaoendelea ulihesabiwa.

Mwanamume akipotea kati ya usharika na usharika, mtafute kwenye *lægdsruller*, orodha za jeshi zilizoanza 1788 na 1789 kwa vijana wa mashambani. Hadi 1849 mvulana aliingizwa tangu kuzaliwa. Baba ameandikwa kwanza, wana chini yake. Kila mtu ana namba ya zamani na namba mpya, na akihama orodha inasema amekwenda *lægd* (eneo la kuandikisha askari) ipi. Fuata namba kutoka orodha hadi orodha. Kinachoharibu kazi hapa ni uvivu wa kuruka orodha moja katikati: namba hubadilika, na uzi ukikatika unaanza upya.

Majina ya baba yatakusumbua. Peder, mwana wa Jens, aliitwa Peder Jensen. Mwanawe Niels aliitwa Niels Pedersen. Dada yake Niels aliitwa Pedersdatter na hakubadili jina alipoolewa. Amri ya 1828 ilitaka ukoo uwe na jina la kudumu, lakini mashambani desturi iliendelea kwa miongo kadhaa, na kaka wawili wa tumbo moja wanaweza kubeba majina tofauti. Huko Slesvig, kusini mwa Jylland, ilikatazwa mapema zaidi, 1771. Jina la shamba kama Nørgaard au Østergaard halithibitishi damu: mtu alihamia shambani akaitwa kwa jina la shamba. Sheria ya 1904 ilirahisisha kubadili jina la -sen, na wengi wakachukua la shamba au la kijiji. Kama mzee anasema "jina letu ni la tangu enzi", angalia kwanza kama halikuanza baada ya mwaka huo.

Maandishi ni ya Kigothi. Shule ziliacha kuyafundisha 1875, lakini wachungaji wazee waliendelea nayo. Usijifunze alfabeti nzima kwa kukaa nayo kama shairi. Chukua ukurasa mmoja wa 1850 hivi, tafuta maneno unayojua lazima yapo (Gaardmand, Hustru, Jensen, Kirken), na kutoka hapo tengeneza jedwali la mwandiko wa mchungaji huyo. Wasumbufu wakubwa ni e inayofanana na n, s ndefu inayofanana na h au f, na K na R zinazobadilishana.

Kupima masimulizi

Simulizi la kwanza utakalokutana nalo ni "shamba limekuwa letu miaka 200". Laweza kuwa kweli kwa shamba na uongo kwa damu. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 wakulima wengi walikuwa *fæstebønder*, wapangaji wa ardhi ya bwana. Mpangaji akifa, mjane mwenye watoto wadogo aliolewa haraka na kijana aliyepewa upangaji, mjane naye akifa kijana akaoa mwingine, na baada ya ndoa mbili shamba lina watu wasio na tone la damu ya wale wa kwanza. Jina la mahali ni lilelile, kwa hiyo kumbukumbu haikuona mpasuko. Dawa yake ni kusoma ndoa na mirathi ya kila mwenye shamba, mmoja baada ya mwingine. Upangaji umo kwenye *fæsteprotokol*, na mirathi ya kabla ya 1817 au karibu yake kwa wapangaji imo kwenye *skifteprotokol* ya jumba la bwana, si ya usharika. Waulize hifadhi ya historia ya mtaa (*lokalhistorisk arkiv*) kijiji kilikuwa cha bwana yupi. Mirathi ya mtu aliyekufa bila mtoto ndiyo tamu kuliko zote, kwani inaorodhesha ndugu, watoto wa ndugu waliofariki, na wanakoishi. Jambo moja linakusaidia: kati ya 1733 na 1788 sheria ya *stavnsbånd* iliwafunga wanaume wa mashambani kwenye ardhi ya bwana waliyozaliwa, kwa hiyo wa kipindi hicho watafute palepale.

La pili ni askari wa Kihispania. Ukoo wenye nywele nyeusi utaambiwa babu alikuwa Mhispania. Askari hao walikuwepo kweli. Waliingia Jylland Machi 1808 kama washirika wa Napoleon chini ya jenerali wao Marqués de la Romana, kasri la Koldinghus likaungua wakiwa wamelala humo mwishoni mwa mwezi huo, na wengi wao wakaondoka kwa meli za Waingereza Agosti mwaka huohuo. Basi hesabu: mtoto wao alizaliwa kati ya Desemba 1808 na Mei 1809. Babu aliyezaliwa 1803 au 1815 si wao. Na kama miezi inalingana, tazama ubatizo: mtoto wa nje ya ndoa ameandikwa *uægte*, na mwanamume aliyetajwa na mama ni *udlagt barnefader*. Wengi wa hao ni kijana wa shamba la jirani.

La tatu ni kizazi kilichomezwa. Mzee anasema "babu yangu alipigana vita vya 1864" (vya Denmaki dhidi ya Prussia na Austria), kumbe ni babu wa baba yake. Gawa miaka: kati ya baba na mwana wa kwanza shambani kulikuwa na miaka 28 hadi 35, kwa sababu mtu hakuoa kabla ya kupata pa kukaa. Hesabu isipolingana, kizazi kimoja kimepotea.

Sønderjylland

Kama ukoo unatoka kusini mwa Jylland, kanuni zinabadilika. Eneo hilo lilikuwa chini ya Prussia na Ujerumani kuanzia 1864 hadi 1920, kwa hiyo sensa za Denmaki za kipindi hicho hazilihusu. Badala yake, tangu 1 Oktoba 1874, kuna usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo, kwa Kijerumani. Vijana wapatao 30,000 wa huko walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia wakiwa na sare za Kijerumani, na zaidi ya 5,000 hawakurudi. Majina yao yamechongwa kwenye mawe ya kumbukumbu karibu na makanisa, na mengi ya mawe hayo yana mahali na siku ya kufa. Ukimuuliza mzee wa huko, uliza pia nyumbani walisema lugha gani.

Aliyetoweka Amerika

Karibu kila ukoo una mmoja. Polisi wa Copenhagen waliandikisha wasafiri waliokata tiketi kwa mawakala wa Denmaki tangu 1869 hadi 1940: jina, umri, kazi, mahali pa mwisho pa kukaa, na alikokuwa akienda. Asipoonekana, huenda alipandia Hamburg au Bremen. Usisahau Argentina, hasa Tandil na Tres Arroyos, ambako wakulima wa Denmaki walijikusanya.

Kuhifadhi na kurudisha

Kwa kila jina andika chanzo kwa ukamilifu huu: amt, herred, sogn, aina ya kitabu, miaka, sehemu (wavulana au wasichana), ukurasa, namba ya mtu, na namba ya picha mtandaoni. Ukiandika "rejista ya kanisa" tu, mwaka kesho utaitafuta tena upya.

Mpelekee mzee matokeo yakiwa yamechapwa kwa herufi kubwa, kizazi kimoja kwa ukurasa, na picha ya ukurasa wa rejista pembeni. Mpe penseli. Atasahihisha, na akisahihisha atakumbuka mengine. Washa rekodi kabla hajaanza. Mkikutana na mtoto wa nje ya ndoa aliyefichwa, mwonyeshe mzee peke yake kwanza, si mbele ya wajukuu. Walio hai usiwaweke mtandaoni bila ridhaa yao, na namba ya CPR, yaani namba ya utambulisho ambayo kila mkazi wa Denmaki anayo tangu 1968, isiandikwe kwenye mti wa ukoo hata kwa penseli. Kwenye nyaraka za mzee utaikuta kila mahali, kwa hiyo ifunike kwa karatasi kabla ya kupiga picha.